Jua Lapigwa Picha: Habari za Mwaka 1860

Jua twaliona kila siku, lakini hakuna awezaye kulikazia macho. Mwanga wake hutushinda. Ndiyo maana mambo mengi ya jua yalibaki yamefichika kwa muda mrefu, ingawa liko mbele yetu toka asubuhi hata jioni.

Mara moja moja, mwezi hupita katikati ya jua na dunia, ukalifunika jua lote. Hapo giza huingia mchana, kuku hutafuta mahali pa kulala, na kando ya duara jeusi la mwezi huonekana taji la mwanga mweupe. Tarehe 8 Julai 1842 kivuli cha mwezi kilipita kusini ya Ufaransa na kaskazini ya Italia. Watu waliokuwa wakitazama kwa darubini walishangaa sana. Ukingoni mwa lile duara jeusi waliona vitu vyekundu, mfano wa ndimi za moto.

Je, vitu hivyo ni nini? Hapo ubishi ukaanza. Wengine walisema: Ni milima ya mwezi. Wengine: Sivyo, ni mawingu au miali ya jua lenyewe. Wengine tena: Si kitu, macho yetu na hewa ya dunia vyatudanganya. Kila mmoja alileta mchoro wake, lakini michoro haikupatana. Wala si ajabu. Jua likipatwa, giza kamili hukaa dakika chache tu. Mtu ameshikwa na mshangao, mkono watetemeka, na saa haimngoji. Baadaye huchora yale anayoyakumbuka, au yale anayodhani ameyaona. Mashahidi walikuwa wengi, lakini hukumu haikupatikana.

Basi ilihitajika shahidi asiyeshangaa wala kusahau. Shahidi huyo alikuwa picha.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Tarehe 2 Aprili 1845, katika mji huo huo, wataalamu wawili, Fizeau na Foucault, walipata picha ya jua yenye kuonyesha madoa yake meusi. Tarehe 28 Julai 1851 jua lilipatwa tena, na huko Königsberg fundi wa picha aitwaye Berkowski alipiga picha wakati wa giza kamili. Taji la mwanga lilionekana, hata ndimi za moto. Lakini picha ile ilikuwa ndogo mno, tena ilikuwa moja tu, ya mahali pamoja tu. Picha moja haiwezi kukata shauri kubwa namna hii.

Sasa twafika kwa mtu mwenyewe wa habari hii. Jina lake Warren De la Rue. Alizaliwa mwaka 1815 katika kisiwa cha Guernsey, na kazi yake ilikuwa biashara ya karatasi. Kiwanda cha ukoo wake huko London kilipiga chapa karata na stempu za posta, na kilikuwa na mashine ya kukunja bahasha. Hakuna aliyemlipa kutazama nyota. Alifanya hivyo kwa mapenzi yake, baada ya kazi, kwa fedha yake mwenyewe. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 aliona picha ya mwezi iliyotoka Marekani. Moyo wake ukawaka. Tangu hapo akajifunza kupiga picha za mwezi.

Sifa yake ikaenea. Ilipotakiwa darubini ya pekee ya kupigia jua picha, kwa ajili ya nyumba ya elimu ya Kew karibu na London, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuipanga. Ikawa tayari mwaka 1857. Kioo chake cha mbele kilikuwa na upana wa sentimita 9 tu. Jua halina haja ya kioo kikubwa, maana mwanga wake wazidi. Shida ilikuwa kuupunguza muda. Kwa hiyo waliweka ubao mwembamba wenye ufa, ukipita mbele ya picha kwa kasi kama kufumba na kufumbua jicho.

Wakati huo huo, huko Roma, alikuwako padri mmoja wa Shirika la Yezu, jina lake Angelo Secchi, aliyezaliwa Reggio Emilia mwaka 1818. Mwaka 1848 Wayezuiti walifukuzwa Roma, naye akaenda Uingereza, kisha Marekani. Aliporudi alipewa kuongoza nyumba ya nyota ya Collegio Romano. Akaijenga upya juu ya kanisa la Mtakatifu Inyasi. Kanisa hilo lilikuwa na nguzo nene zilizowekwa ili kubeba kuba kubwa, lakini kuba lenyewe halikujengwa kamwe. Padri Secchi aliona kwamba nguzo zile zaweza kubeba darubini bila kutikisika. Ndivyo nguzo zilizokosa kazi zilivyopata kazi.

Ilijulikana kwamba tarehe 18 Julai 1860 kivuli cha mwezi kitaivuka Hispania. De la Rue aliichukua darubini ya Kew, akapanda pamoja na wenzake meli Himalaya, ambayo serikali ya Uingereza iliwapa wenye elimu kwa safari hiyo. Akasimamisha vyombo vyake katika kijiji cha Rivabellosa, kaskazini ya nchi. Padri Secchi naye alitoka Roma na darubini yake, akapanda mlima uitwao Desierto de las Palmas, karibu na bahari, penye monasteri ya Wakarmeli. Huko alisaidiwa na Monserrat, mwalimu wa kemia wa Valencia, aliyejua sana kazi ya picha. Kati ya mahali hapo pawili pana kilomita karibu 400.

Wasomaji, msifikiri kwamba kupiga picha wakati ule kulikuwa kazi ya kubonyeza tu. Fundi alichukua kipande cha kioo, akakipaka dawa nzito, akakitumbukiza katika maji yenye fedha, akakiweka katika darubini kingali kibichi. Kikikauka, kimeharibika. Baada ya picha kupigwa ilimpasa kukikimbiza mara moja gizani akakioshe kwa dawa nyingine. Yote hayo katika joto la Hispania la mwezi wa saba, na giza kamili kudumu dakika tatu na zaidi kidogo tu. Mtu mmoja akijikwaa, safari nzima imepotea, naye atangoje miaka mingi.

Tena palikuwa na shaka nyingine. Darubini ya Kew iliikuza picha, na picha ikikuzwa mwanga wake hutawanyika na kupungua. Je, ndimi zile zitakuwa na mwanga wa kutosha? De la Rue alikubali kujihatarisha. Aliacha kila kioo kipokee mwanga kwa muda wa dakika moja hivi, akapata picha mbili za giza kamili. Padri Secchi alichagua njia nyingine: hakuikuza picha, akapata picha ndogo lakini kadhaa. Vioo vilipooshwa, ndimi za moto zilionekana pande zote mbili za Hispania.

Ndipo hukumu ikapatikana, nayo ni rahisi kufahamu. Mwezi ukipita mbele ya jua huenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Katika picha za De la Rue, ndimi za upande wa mashariki zilifunikwa kidogo kidogo, na zile za magharibi zilifunuliwa kidogo kidogo. Kama zingekuwa milima ya mwezi, zingekwenda pamoja na mwezi. Lakini zilibaki mahali pake, mwezi ukapita mbele yake, kama mtu apitaye mbele ya taa. Tena, picha za Rivabellosa zilipolinganishwa na zile za mlimani, ndimi kubwa zilikuwa zile zile, za umbo lile lile. Hewa ya mahali pawili mbali hivyo, na vioo vya darubini mbili tofauti, haviwezi kudanganya namna moja. Basi ndimi za moto ni za jua. Mwaka 1862 De la Rue aliyaeleza hayo mbele ya chama kikubwa cha elimu cha London, Royal Society.

Mwaka 1868 Mfaransa Janssen na Mwingereza Lockyer, kila mmoja kwa njia yake, waligundua namna ya kuziona ndimi hizo bila kungoja jua lipatwe. Nazo zikajulikana kuwa ni gesi ya hidrojeni iwakayo, na nyingine ni kubwa kuliko dunia yetu nzima.

Darubini ya Kew ilirudi kwake, na kuanzia mwaka 1862 hata 1872 iliandika jua siku kwa siku. Kazi hiyo ilifanywa hasa na binti wa fundi wa nyumba ile, Elizabeth Beckley. Katika nchi ile ya mawingu alivizia jua tangu asubuhi, na mawingu yakifunguka kidogo alipiga picha yake. Kazi ya kila siku haina sifa nyingi, lakini bila hiyo elimu haiendi mbele.

Siku hizi wako watu wengi duniani, walimu, mafundi, wafanya biashara, wanaopiga jua picha nyumbani kwao kama alivyofanya De la Rue. Kwa kioo cha pekee kipitishacho mwanga mwekundu wa hidrojeni tu, wanaziona ndimi zile zile siku yo yote isiyo na mawingu. Lakini wote hushika sheria moja, nasi tuwafundishe watoto wetu: usitazame jua kamwe kwa darubini isiyofunikwa mbele kwa kioo cha kulizuia jua. Kufumba na kufumbua, jicho limeungua, wala halitapona. Hata kwa macho matupu, jua likipatwa, usilitazame bila miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Padri Secchi alikufa Roma mwaka 1878, na De la Rue London mwaka 1889. Mmoja alikuwa padri, mwingine mwenye kiwanda cha karatasi. Kila mmoja alisimama mahali pake, hakuweza kuona kazi ya mwenzake. Lakini picha ya mmoja peke yake ingaliacha nafasi ya ubishi. Zilipowekwa mezani pamoja, ubishi wa miaka 18 ukakoma. Ushahidi wa wawili husimama.