Hadhira na Sauti Yake katika Vodevili ya Marekani, 1881–1934

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kuzoea kuiona hadhira kuwa mshiriki. Mtambaji akisema paukwa, ngano haisongi mbele mpaka aitikiwe. Lakini sanaa inapohamia kwenye ukumbi wenye tiketi, viti vya nambari na pazia, hudhaniwa kwa haraka kwamba ushiriki huo umekwisha, na kwamba mtazamaji amegeuka mnunuzi mkimya. Historia ya vodevili nchini Marekani yaonyesha kwamba ukimya huo haukuja wenyewe. Ulitengenezwa kwa makusudi na wale waliokuwa na fedha za kuutengeneza, wala haukuwaangukia watazamaji wote kwa kadiri moja.

Vodevili ilikuwa programu ya maonyesho mafupi yasiyohusiana: wanasarakasi, mwimbaji, mbwa waliofunzwa, wachekeshaji wawili wa kujibizana, pengine na mchezo wa kuigiza wa dakika ishirini. Chimbuko lake ni kumbi za ulevi zilizohudhuriwa na wanaume, ambamo msanii alishindana na kelele za wanywaji. Mwaka 1881 Tony Pastor alifungua ukumbi wake katika Barabara ya 14 mjini New York, akaiondoa pombe mbele ya jukwaa ili wanawake na familia nao waingie. B. F. Keith wa Boston, akishirikiana na Edward F. Albee, alilipanua wazo hilo likawa biashara ya nchi nzima. Tangu 1885 maonyesho yake yaliendelea mfululizo mchana kutwa hadi usiku, na mtu aliweza kuingia saa yoyote.

Kuondoa pombe kulikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kuwafunza watazamaji namna mpya ya kupokea. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1899 kwenye jarida la Scribner's, Edwin Milton Royle, aliyekuwa mwigizaji na mtunzi wa tamthilia, anaeleza kwamba nyuma ya jukwaa la Keith kulibandikwa tangazo lililowakataza wasanii kutamka maneno yaliyohesabiwa kuwa machafu, na aliyekaidi alifukuzwa. Watazamaji nao waligawiwa kadi. Kwa lugha ya adabu sana, mabwana waliombwa wasikanyage sakafu kwa vishindo wala kuigonga kwa bakora, bali waonyeshe furaha yao kwa makofi; na wote waliombwa wasizungumze onyesho likiendelea.

Kadi hizo zafaa kusomwa kama andiko la uhakiki, kwa maana zinaamua ni mwitiko gani utakaohesabiwa kuwa mwitiko. Vishindo vya miguu na miluzi vilikuwa lugha ya roshani ya juu, penye viti vya bei nafuu, ambako vibarua na vijana wauza magazeti walikaa wakimhukumu msanii papo hapo. Makofi ya kiganja yalikuwa lugha ya tabaka la kati. Keith hakuinyamazisha hadhira yote. Alichagua lahaja moja ya upokezi akaifanya sanifu.

Hata hivyo hadhira iliyofunzwa adabu iliendelea kuitunga programu bila kujua. Mpangilio wa maonyesho, kama ulivyoelezwa na mpanga programu wa ukumbi wa Palace katika kitabu cha Brett Page cha mwaka 1915, ulifuata mienendo ya watazamaji. Onyesho la kwanza lilikuwa la kimya, la wanasarakasi au wanyama, kwa sababu wachelewaji walikuwa bado wanatafuta viti na maneno yangepotea bure. Msanii mkuu aliwekwa karibu na mwisho. La mwisho kabisa likawa tena la kutazamwa tu, maana wengine walikwisha kusimama wakivaa makoti. Muundo ambao mhakiki wa maandishi angeusaka katika fani, hapa umetokana na mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Zaidi ya hayo, kila Jumatatu meneja wa ukumbi wa Keith alilitazama kila onyesho na kupeleka ripoti makao makuu: lilichukua dakika ngapi, lilipokewaje, sentensi gani ikatwe. Ripoti za miaka ya 1902 hadi 1923 zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Iowa. Ni vigumu kupata hazina nyingine ya upokezi inayolingana nayo, na nadharia ya Jauss na wenzake ingenufaika kuzitazama. Msanii mmoja aliweza kuzunguka na dakika zake kumi na tano kwa miaka mingi, akibadilisha neno hapa na kituo pale kwa kufuata vicheko vya mji baada ya mji. Matini ya namna hiyo ina watunzi maelfu.

Wapo waliopokewa kwa njia nyingine. Mwezi Novemba 1896 Oscar Hammerstein aliwaleta akina dada Cherry, kutoka Marion katika jimbo la Iowa, kwenye ukumbi wake wa Olympia mjini New York. Inasimuliwa kwamba alikwisha kujaribu wasanii wazuri bila faida, basi akaamua kujaribu wabaya. Watu walijaa ili wazomee, na masimulizi ya mboga zilizorushwa jukwaani yangali hai. Gazeti la Des Moines Leader lilipochapa tena tahakiki kali juu yao, mmoja wa dada hao alishtaki. Mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Iowa ilimpa gazeti ushindi, ikishikilia kwamba anayejionyesha kwa umma ameiweka kazi yake mbele ya wahakiki, hata kwa dhihaka, madhali hakuna nia mbaya. Uamuzi huo umewakinga wahakiki wengi. Lakini tahakiki yenyewe iliidhihaki miili na umri wa dada hao sawasawa na uimbaji wao, na msomaji wa leo hupata taabu kuona sanaa inaishia wapi na uzomeaji unaanzia wapi.

Kuzomea kuliweza pia kuwa hoja. Ndugu wawili, Russell Brothers, walikuwa wamejipatia jina kwa kuvaa nguo za kike na kuigiza vijakazi wa Kiayalandi, walevi na wazembe. Mwaka 1907 vyama vya Waayalandi vilijipanga, wafuasi wake wakanunua tiketi, wakaingia katika ukumbi wa Victoria mjini New York na kulizima igizo kwa mazomeo. Huko Brooklyn yalirushwa mayai. Walichokataa ni sura waliyopewa, na walikikatalia pale pale ilipouzwa.

Njia hiyo haikuwa wazi kwa kila aliyechorwa vibaya. Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas aliyekuwa miongoni mwa wachekeshaji hodari wa zama zake, alipanda jukwaani akiwa amejipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, hata baada ya kuingia Ziegfeld Follies mwaka 1910. Katika kumbi nyingi watazamaji Weusi walisukumwa roshani ya juu kabisa, au wakafukuzwa mlangoni. Ni halali kukisia kwamba kicheko cha chini na kicheko cha juu havikuwa kimoja: huku kilichekwa kinyago, kule ilichekewa ustadi wa aliyekivaa. Meneja akiandika kwamba watu walicheka sana, ripoti yake haitenganishi sauti hizo. Hapo ndipo hazina ile ya Iowa inapomponyoka mhakiki.

Kuanzia 1920 chama cha wenye kumbi kilichojulikana kwa herufi T.O.B.A. kiliwapeleka wasanii kama Ma Rainey na Bessie Smith mbele ya hadhira za Weusi. Malipo yalikuwa haba na wamiliki wengi walikuwa Weupe, ila sakafu ya chini hatimaye ilikuwa ya Weusi. Katika miji kadhaa Wazungu ndio waliotengewa onyesho lao la usiku wa manane.

Mwaka 1932 ukumbi wa Palace, uliokuwa kilele cha vodevili tangu 1913, uligeukia sinema. Miaka miwili baadaye, huko Harlem, ukumbi wa Apollo ulianzisha usiku wa wasanii wanagenzi. Novemba 1934 msichana wa miaka 17, Ella Fitzgerald, alifika akinuia kucheza dansi. Alipowaona wachezaji waliomtangulia, akabadili nia, akaimba. Roshani ya Apollo ilikuwa maarufu kwa kumfukuza jukwaani asiyeipendeza. Usiku ule ilimpa ushindi, na haikumpa kwa makofi ya kiganja peke yake.