Hemini, Degedege na Dawa Mseto: Historia Fupi ya Istilahi za Damu

Kila taaluma iingiayo katika lugha yetu huja na mzigo wake wa maneno, na yapo maneno ambayo kosa katika kuyatumia hulipwa kwa afya ya watu. Hemini ni mojawapo. Mfasiri alikutaye neno hilo katika kitabu cha kemia huweza kulidhania kuwa jambo la maabara za ng'ambo. Kumbe kiini chake kimo katika damu ya kila mtoto anayeugua malaria huko Handeni na Korogwe. Makala hii inakusudia kueleza neno hilo lilikotoka, kisha kutazama namna linavyofaa kusimama katika Kiswahili.

Asili ya jina ni Kigiriki, haima, yaani damu. Mwaka 1853 Ludwik Teichmann, mtaalamu wa anatomia wa Kipolandi, alipasha moto damu kavu pamoja na chumvi na asidi ya siki, akapata fuwele ndogo za rangi ya kahawia. Fuwele hizo zilitumika baadaye mahakamani kuthibitisha kuwa doa fulani ni la damu, ingawa hazikuweza kuonyesha kama damu hiyo ni ya mtu au ya mnyama. Mwaka 1929 Hans Fischer wa Ujerumani alifaulu kuitengeneza hemini kwa kemia tupu, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel.

Hapa mfasiri hana budi kuwa na hadhari. Hemu ni pete ya atomu ishikayo chuma katikati, nayo ndiyo sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni. Hemini ni pete hiyo hiyo, lakini chuma chake kimepoteza elektroni moja zaidi na kushikamana na klorini. Anayeandika "chuma cha damu" kwa yote mawili amefuta tofauti ambayo ndiyo msingi wa somo lenyewe.

Tofauti hiyo yaonekana wazi katika malaria. Mwaka 1847 Johann Heinrich Meckel aliona chembe nyeusi katika damu na bandama ya maiti. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, akiwa Algeria, alizifuata chembe za namna hiyo hata akakitambua kimelea chenyewe; na mwaka 1897 Ronald Ross, huko India, alizikuta katika tumbo la mbu. Leo rangi hiyo huitwa hemozoini. Kimelea hula hemoglobini, na hemu inayobaki hugeuka kuwa sumu kwake. Hivyo huifunga katika fuwele isimdhuru. Klorokwini, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1934, huzuia fuwele hizo zisijengeke, na kimelea hufa kwa takataka zake mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mkoa wa Tanga una sehemu yake katika historia hii. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mwaka huo huo kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walipanda miti ya kwinini. Baada ya kwinini ilikuja klorokwini, ikatawala kwa miaka mingi hata kimelea kilipojifunza kuitoa dawa hiyo mwilini mwake. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza, na mwaka 2006 ikaingia dawa ya artemetha na lumefantrini, ambayo asili ya nusu yake ni mmea wa jamii ya pakanga uliochunguzwa na Wachina. Nayo pia huamshwa na chuma cha hemu.

Dawa hiyo wananchi waliijua kwa jina la dawa mseto. Hili ni somo kwa waundaji wa istilahi. Kila mtu amekula mseto wa wali na choroko. Hakuhitaji kufundishwa kwamba vitu viwili vimepikwa pamoja, wala kwamba kuondoa kimoja ni kuharibu chakula.

Lakini yako maneno yetu ambayo mipaka yake haikulingana na ya tiba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wilaya ya Bagamoyo ulionyesha kuwa degedege ilihesabiwa na wengi kuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria. Mtoto wa malaria kali aliyeshikwa na mtukutiko aliweza kupelekwa kwanza kwa mganga, huku saa zikipita. Kwa upande mwingine, neno malaria limepanuliwa mno: katika hospitali kumi za kaskazini-mashariki ya Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kuwa katika wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali, wasiofika nusu ndio waliokuwa na vimelea katika damu. Neno finyu humchelewesha mgonjwa, na neno pana huficha ugonjwa mwingine.

Kuhusu kazi ya hemu katika kemia, lugha yetu haina upungufu. Mgonjwa akimiminiwa maji ya oksijeni juu ya kidonda, povu hutoka. Hiyo ni kazi ya kimeng'enya chenye hemu ndani yake. Hemini peke yake pia ni kichocheo, ila dhaifu. Kwa hiyo kichocheo ni jina la jumla, na kimeng'enya ni kichocheo cha kiumbe hai, yasibadilishwe ovyo. Hemini yenyewe imekuwa dawa: tangu mwaka 1983 Marekani iliidhinisha itiwe mishipani kwa wagonjwa wa pofiria, ambao miili yao hushindwa kuunda hemu ipasavyo.

Tunapendekeza basi: majina ya vitu, yaani hemu, hemini na hemozoini, yakopwe na kutoholewa, kila moja na maana yake, majina ya kazi yabaki ya Kiswahili. Na mwalimu wa kata ya Kwaluguru, wilayani Handeni, anapoeleza somo hili, asilitupe neno degedege. Alianze nalo, kisha aonyeshe kwamba mtukutiko ule huweza kuwa dalili ya malaria kali, na kwamba mtoto huyo ni wa kukimbizwa zahanati saa ile ile.