Muhuri ulioamua seli ife au iishi

Mei 2027 itatimia miaka 30 tangu jarida la Science lichapishe jaribio la Christopher Chen, Donald Ingber, George Whitesides na wenzao wa Harvard. Ndilo hutajwa kila inaposimuliwa historia ya kuchapa protini ili kuzipangia seli pa kushika. Hutajwa mno, ukiniuliza mimi, maana S. B. Carter wa kampuni ya ICI, Uingereza, alishatangulia. Mwaka 1967 alieleza jinsi seli zilivyong'ang'ania visiwa vya metali ya paladiamu alivyovitandaza juu ya selulosi asetati. Leo akibahatika hupata tanbihi.

Harvard walileta muhuri, hasa kama ule wa karani: raba ya silikoni iliyomiminwa kwenye kalibu, ikapakwa kemikali badala ya wino, ikagongwa juu ya dhahabu. Palipogongwa, protini ya fibronektini ilinata. Pengine pote palizibwa kwa kemikali inayoikataa. Seli za kapilari zilipomwagwa, zilizoangukia kisiwa kidogo zilijiua, zilizopata kikubwa zilitanuka na kuongezeka.

Hapo ndipo ubishi. Pengine kisiwa kidogo kiliua kwa kuwa protini yake ilikuwa chache, si kwa kuwa seli ilibanwa? Wakakigawa kisiwa kuwa vidoa vya mikromita 3 hadi 5, vikatawanywa. Seli ikajinyoosha kutoka kidoa hadi kidoa kama hema juu ya vigingi. Ilichogusa hakikuzidi sana, lakini iliishi. Umbo ndilo lililoamua.

Kidoa cha mikromita 3, hata hivyo, bado ni uwanja mzima kwa integrini, molekuli ambazo seli hushikia. Mwaka 2002 Chad Mirkin, Milan Mrksich na wenzao walichora kwa ncha ya sindano nukta za kemikali ya kunasa protini, za nanomita 100 hadi 350. Kundi la Joachim Spatz, Ujerumani, likashuka zaidi mwaka 2004: nukta za dhahabu chini ya nanomita 8, kila moja ikiwa kigoda cha integrini moja tu, zikafunikwa kwa kipande cha protini kiitwacho RGD. Zilipoachana nanomita 58, seli zilishika barabara. Kwa nanomita 73 zilishindwa kujitandaza, ijapokuwa dhahabu ilikuwa ile ile na RGD ile ile.