Milima Mitatu na Safari ya Sekondari: Elimu ya Mwatate na Jirani Zake

Historia ya elimu ya sekondari katika Mwatate, nchini Kenya, na milima inayoizunguka ni, kwa sehemu kubwa, historia ya umbali. Wataita wameishi tangu jadi katika milima mitatu iliyotenganishwa na nyika kavu, yaani Dawida, Sagalla na Kasigau, na kwa hiyo shule hazikuanza mahali pamoja bali zilifuata vituo vya wamisionari: Waanglikana wa shirika la CMS walifika Sagalla mwaka 1883, ilhali Mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki, walifungua misheni ya Bura, magharibi mwa Mwatate, mwaka 1892. Mtoto alisomea kwa dhehebu lililotangulia kufika kwao, na dhehebu hilo ndilo lililomfungulia njia ya mbele au kumwachia ikiwa imefungwa.

Njia yenyewe ilikuwa ndefu. Shule ya Alliance, iliyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1926, ilikuwa Kikuyu, na ile ya Kabaa, iliyoanzishwa mwaka 1925 na mapadri wa shirika lile lile la Bura, ilikuwa Ukambani, hivi kwamba kijana aliyebahatika kuchaguliwa alilazimika kushuka mlimani, kupanda gari la moshi na kuwaacha wazazi mamia ya kilomita nyuma yake. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, kuhusu elimu ya Waafrika, iligawa masomo katika vipindi vitatu vya miaka minne minne, huku mtihani ukiwekwa kwenye kila mpaka. Matokeo yake, ambayo ni vigumu kuyatetea, ni kwamba watoto wengi waliondolewa wakiwa darasa la nne tu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wazazi hawakungoja. Kote nchini zilijengwa shule za harambee, yaani shule za wananchi wenyewe, ambazo serikali ilizipelekea walimu baadaye na kidogo kidogo: kuku na mbuzi walinadiwa hadharani, mchanga ukabebwa kichwani, na darasa la kidato cha kwanza likafunguliwa hata kabla ya madirisha kutiwa vioo. Shule hizo zilisimama kando ya zile kubwa za bweni, kama Kenyatta ya Mwatate na shule ya wasichana ya Bura, na ndizo zilizompa nafasi mtoto ambaye karo ya bweni, pamoja na godoro na sanduku la bati lenye kufuli, ilikuwa nje ya uwezo wa nyumba yao. Udhaifu wa shule hizo ulikuwa masomo ya sayansi, kwa maana shule yenye darasa moja tu kwa kila kidato ilishindwa kumweka mwalimu wa fizikia.

Udhaifu huo umerudi kwa sura mpya tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, walipoanza kufuata mikondo mitatu ya masomo, ambayo ni sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Shule ndogo za milimani haziwezi kuitoa yote zikiwa peke yake, na njia ya haki ni shule jirani kutumia maabara na walimu kwa pamoja.