Dufferin, Meli Iliyosomesha Manahodha Ikiwa Nangani

Aliyesafiri kwa meli ya BI, kampuni ya Kiingereza ya British India, awe amepandia Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, anaukumbuka mpangilio wake. Sitahani na kwenye mitambo walikuwa Wahindi: makalasi, wapaka mafuta, wapishi, na serehangi wao aliyepokea amri na kuzipitisha chini. Aliyetoa amri, kule juu kwenye usukani, kwa kawaida alikuwa Mwingereza. Karanja na Kampala, zilizoingia njia hii baada ya Vita Kuu ya Pili, ziliurithi mpangilio huo kutoka kwa meli za mababu. Lakini wakati zinaundwa, mpangilio wenyewe ulikuwa umeshaanza kutoboka. Waliokuwa wakiutoboa ni vijana waliosomea ndani ya meli moja kuukuu iliyotia nanga bandarini Bombay, karibu na gati la Mazagon. Jina lake Dufferin. Disemba 2027 chuo kilichoanzia humo kitatimiza miaka 100.

Ajabu ni kwamba Mhindi alipaswa kupigania nafasi ya kushika usukani. Watu wa Kachi, huko India, walivusha vyombo vyao kutoka Mandvi hadi Unguja kwa kaskazi, wakarudi kwa kusi, kizazi baada ya kizazi. Neno nahodha ni letu na lao pia. Meli za moshi zilipokuja, ujuzi huo haukuhesabika. Tangu 1850 sheria ya Uingereza ilidai nahodha na wasaidizi wake katika safari za nje wawe na cheti kilichotolewa baada ya mtihani, na India haikuwa na chuo cha kumwandaa kijana wa Kihindi kwa mtihani huo. Kufikia 1914 mabaharia zaidi ya 50,000 kutoka Bara Hindi na nchi jirani walikuwa wakifanya kazi katika meli za Kiingereza. Mikono yao ilitakiwa. Cheti kilikuwa cha wengine.

Mwaka 1919 wafanyabiashara wa Bombay, akiwamo Walchand Hirachand na Narottam Morarjee, walianzisha kampuni ya meli ya Scindia. Tarehe 5 Aprili mwaka huo meli yao Loyalty iling'oa nanga kwenda London, na hadi leo India huiadhimisha siku hiyo kama siku yake ya bahari. Mali ilikuwa ya Wahindi, lakini maafisa wa Kihindi wangetoka wapi? Swali hilo ndilo alilolipeleka mjumbe P. S. Sivaswami Aiyer katika Bunge la Kutunga Sheria la India mwaka 1922. Serikali ikaunda kamati chini ya Kapteni Headlam, mkuu wa kikosi cha majini cha India wakati huo, nayo ikapendekeza meli ya mafunzo.

Meli iliyotolewa haikuwa mpya. Dufferin iliundwa Barrow, Uingereza, mwaka 1904 kwa ajili ya kubebea askari, na ilichukua jina la mtu aliyeitawala India kama gavana mkuu kati ya 1884 na 1888. Kwa hiyo vijana waliokuja kuwapokonya Waingereza usukani walifundwa chini ya jina la bwana wa kikoloni. Sidhani kama liliwakosesha usingizi. Walikuwa na mafundo ya kufunga, makasia ya kupiga, dira ya kusoma, na hesabu za kujua mahali meli ilipo kwa kulipima jua.

Na kumaliza Dufferin hakukumfanya mtu afisa. Kadeti alitoka hapo akaenda baharini kama mwanafunzi wa kazi, akakusanya miezi yake ya safari, ndipo akafanya mtihani wa afisa msaidizi wa pili. Kisha bahari tena, mtihani wa afisa mkuu, bahari tena, na mwisho cheti cha unahodha. Ni ngazi inayofanana na ile wanayopanda makadeti wa leo. Tatizo la wale wa mwanzo lilikuwa ni nani atawapa hiyo miezi ya bahari, maana kampuni za Kiingereza hazikuwa na haraka ya kuwachukua. Scindia iliwafungulia mlango.

Katika kundi la kwanza, la 1927, alikuwamo kijana R. D. Katari. Alifanya kazi ya urubani, akiingiza meli Calcutta kwa Mto Hooghly, mto wenye mafungu ya mchanga yanayohamahama. Vita vilipozuka mwaka 1939 alijiunga na jeshi la majini. Mwaka 1958 akawa Mhindi wa kwanza kuliongoza jeshi hilo la nchi yake.

Kuanzia 1935 Dufferin ilifundisha pia maafisa wa mitambo, hadi walipopata chuo chao baada ya uhuru wa India. Wasichana hawakupata nafasi humo. Wala sidhani kama watoto wa makalasi walikuwa wengi, kwa sababu mlango ulipitiwa kwa elimu ya shule na Kiingereza, na hapo ndipo sifa za chuo hiki zinapohitaji kupunguzwa kidogo.

Mwaka 1972 Dufferin iliiachia kazi meli nyingine, Rajendra. Mwaka 1993 mafunzo yakahamia nchi kavu, Navi Mumbai, kwa jina la Chanakya, na tangu 2008 chuo hicho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Bahari cha India.

Na ile Karanja ya safari zetu? Mwaka 1976 iliuzwa kwa shirika la meli la serikali ya India, ikabadilishwa jina, ikaitwa Nancowry.