Upeo wa Pumzi

Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, mwanaanga hukanyaga baiskeli isiyo na tandiko huku kifaa kilicho mdomoni kikipima oksijeni anayoitumia. Kinachopimwa hapo tukiite nini? “Utimamu wa mwili wa kiaerobiki” ni jina linalomchosha msomaji kabla baiskeli haijazunguka.

Timamu ni asiyepungukiwa. Ndiyo maana husemwa fulani ana akili timamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wanaanga 14, na ndani ya majuma mawili ya kwanza angani kilele cha matumizi yao ya oksijeni kilishuka kwa takribani asilimia 17. Tuwaite wasio timamu? Hasha. Siha ni pana mno, na ukakamavu unanuka gwaride. Stamina imeshapata uraia viwanjani, nami siifukuzi, ila yasifu kudumu, ilhali hapa tunatafuta kilele.

Viwanjani pia ndiko liliko neno ninalolitaka. Mchezaji akilegea dakika ya 70, watazamaji husema pumzi imekata. Pumzi! Imezaliwa na pumua, ni ndugu wa pumzika.

Daktari atanipinga: huko juu mapafu hayana neno, kilichopungua ni damu, na moyo una kidogo cha kusukuma. Ni kweli. Lakini pumzi ya Kiswahili haijawahi kufungiwa mapafuni. Aliyekata pumzi amekufa, moyo na vyote. Na hiyo aerobiki yenyewe imeungwa kwa maneno ya Kigiriki ya hewa na uhai, basi tumekutana njiani.

Nikiongeza upeo, kutoka pea, kufika mwisho wa kukua, napata upeo wa pumzi. Walimu wa michezo, lijaribuni.

Linabaki neno moja linalonikera. Kipimo cha upeo huo huandikwa kwa mililita za oksijeni kwa dakika, kwa kila kilo ya “uzito”. Uzito upi, kwa mtu anayeelea? Kilo zake zipo, lakini mizani ya bafuni haizioni. Mwanaanga hupanda kifaa chenye springi kinachomyumbisha juu na chini, na mwendo wa kuyumba ndio unaozifichua. Wanafizikia wetu wanayo tungamo, ya ukoo mmoja na damu iliyotungama: kitu kilichoshikamana, kiwe ardhini au angani. Mbona tunaiacha darasani?