Rilei: Kifaa Kinachoamua Lini Umeme Ukatwe

Rilei ya ulinzi hupima umeme unaopita kwenye laini na kuamua, bila kumsubiri mtu, kama laini hiyo iendelee kupeleka umeme au ikatwe. Yenyewe haikati. Kukata ni kazi ya breka, swichi kubwa iliyofungwa uwanjani au ndani ya kabati la chuma. Rilei hutoa amri. Katika kituo cha kupozea umeme, kila laini inayotoka kwenda mtaani, kiwandani au kwenye pampu za maji ina breka yake na rilei yake, ili shoti ya mtaa mmoja isiuzime mji mzima.

Thomas Edison alipoanza kuuza umeme kutoka kituo cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, ulinzi ulitegemea fyuzi, kipande cha metali kinachoyeyuka mkondo unapozidi. Fyuzi ingali inatumika kote duniani. Lakini ikishaungua sharti mtu aje aibadilishe, na haiwezi kutambua shoti imetokea upande gani wa laini. Mitandao ilipokua, wahandisi waligeukia sumaku-umeme, iliyokuwa imekwisha kuzoeleka katika rilei za telegrafu. Mwaka 1904, huko Newcastle nchini Uingereza, Charles Merz na Bernard Price walibuni njia ambayo hadi leo haijapata mshindani kwa usahihi: pima mkondo unaoingia kwenye kifaa, pima unaotoka, na tofauti ikionekana, kata.

Kwa laini za kawaida za kusambazia umeme, iliyotawala karne ya 20 ni rilei ya diski. Kasha lake lina kioo mbele, na nyuma ya kioo huonekana diski nyembamba ya alumini. Mkondo wa laini, ukiwa umepunguzwa na transfoma ya kupimia hadi ampia 5 au 1, hupita kwenye koili na kuisukuma diski izunguke. Springi huizuia, na sumaku ya kudumu huipunguza mwendo. Mkondo ukivuka kiwango kilichowekwa, diski huanza kuzunguka hadi ncha mbili zigusane. Hapo betri za kituo hupeleka umeme kwenye koili ya breka, na breka hufunguka. Betri ni za lazima, kwa sababu wakati wa shoti umeme wa laini wenyewe hauaminiki. Kibendera kidogo huanguka nyuma ya kioo, na mhudumu hukiandika kwenye daftari kabla ya kukirudisha kwa mkono.

Uzuri wa diski ni kwamba hitilafu kubwa huiharakisha. Kwa mpangilio wa kawaida wa kimataifa, muda ukiwa haujapunguzwa, mkondo ulio mara 2 ya kiwango hukatwa baada ya sekunde 10 hivi, na ulio mara 10 baada ya sekunde 3 hivi. Kwa kupanga muda huo kwa uangalifu, rilei iliyo karibu na hitilafu hukata kwanza na zilizo nyuma yake hubaki tayari kusaidia.

Udhaifu mkubwa wa mfumo huu uko kwenye namba alizozipanga binadamu. Jioni ya tarehe 9 Novemba 1965, saa 11 na dakika 16, rilei moja katika kituo cha Sir Adam Beck Namba 2, Ontario, Kanada, ilikata mojawapo ya laini tano zilizopeleka umeme upande wa Toronto. Hapakuwa na shoti yoyote. Rilei ilikuwa imepangwa mwaka 1963 kwa kiwango kilicho chini ya uwezo wa laini, mzigo ukaongezeka, na jioni ile ukavuka kiwango hicho. Umeme wa laini iliyokatwa ukahamia kwenye laini nne zilizobaki, nazo zikakatwa ndani ya sekunde chache. Watu wapatao milioni 30 wa Ontario na kaskazini-mashariki mwa Marekani walibaki gizani, wengine kwa muda wa saa 13. Rilei ilikuwa imefanya kile hasa ilichoagizwa.

Wakati huohuo kompyuta zilikuwa zinaingia. Mwaka 1969 George Rockefeller wa Marekani alichapisha maelezo ya namna kompyuta inavyoweza kulinda kituo kizima, na miaka michache baadaye mtambo wa majaribio ulilinda laini moja huko California. Ulikuwa mkubwa na wa gharama mno. Mageuzi ya kweli yalikuja mwaka 1984, Edmund Schweitzer alipouza rilei ya kwanza ya kidijitali iliyofaa soko, kutoka mji wa Pullman, jimbo la Washington. Pamoja na kukata, ilitunza kumbukumbu ya tukio na kukadiria hitilafu iko umbali gani. Kwa fundi aliyezoea kutembea kilomita kadhaa chini ya nyaya akitafuta tawi lililoangukia laini, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ukataji wenyewe.

Rilei ya leo inayosimamia laini moja hupima mkondo na volti mara nyingi ndani ya kila mzunguko wa umeme. Hutambua umeme unaovujia ardhini, hukagua kama waya wa koili ya breka haujakatika, na huzuia breka isifungwe wakati swichi ya kutia ardhini ingali imefungwa. Kwenye laini za juu, huweza kurudisha umeme yenyewe baada ya muda mfupi, kwa kuwa hitilafu nyingi huko hupita, kama tawi linalogusa waya kisha likaanguka. Kila hatua huandikwa pamoja na wakati wake hadi milisekunde, na taarifa hupelekwa kwenye chumba cha udhibiti.

Hata hivyo mfululizo wa kujikata haujakoma. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru nchini Kenya na kuiangukia transfoma, nayo ikajikata. Mitambo mingine ya kituo ilizidiwa na mzigo ikajikata pia, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na umeme ukazimika nchi nzima kwa zaidi ya saa tatu. Kompyuta ndani ya rilei imeleta kumbukumbu na mawasiliano, lakini viwango vya kukatia bado hupangwa na mhandisi, na vinapaswa kukaguliwa upya kila mzigo wa laini unapobadilika.